Tarehe Sita, Siku ya Mfalme na ya Mama Yako

Maitu,

Kabla hujaingia kwenye hiyo ndege ni vizuri ujue ni mtu wa aina gani unayemwacha nyuma. Katika Mukurweini yote, na nikisema Mukurweini najipunguza tu, kwa sababu nimeitwa mpaka Kianyaga na mpaka Timau kule kwenye ngano, hakuna mtu anayekufa sawasawa kabla mimi sijasema. Daktari ataandika karatasi yake, chifu atagonga muhuri wake, lakini mtu akishushwa kaburini bila msalaba wenye mwandiko wangu, watu wanarudi nyumbani na wasiwasi. Wanakula mchele wa mazishi wakitazama njia, kama marehemu anaweza kutokea pale kwenye kona aulize mbona hawakungoja. Tajiri mmoja wa kahawa alikaa mochari juma zima kwa sababu mimi nilikuwa na homa. Askofu mmoja, jina nitalinyamazia, aliwaambia waumini waimbe wimbo mwingine kwanza, rangi ya fundi haijakauka. Hata Nanyuki nilimwonyesha mfanyabiashara mmoja wa mbuzi, Mwislamu, msalaba wangu wa mfano. Akacheka mpaka kofia ikaanguka. "Fundi," akaniambia, "hata sisi unataka kutuzika?" Nikamwambia mimi sibagui.

Basi huyo ndiye anakuandikia. Umeenda Nyeri kusukwa nywele, na kwa vile ulitaka zile ndogondogo, najua niko na mchana wote. Nimefunga mlango wa karakana. Ndani kuna msalaba wa mtu wa Thangathi, jina lake nimelifikisha nusu. Atangoja. Tangu nitoke darasa la sita sijashika kalamu kwa muda mrefu hivi, ni brashi tu, kwa hivyo ukiona herufi ni kubwa mno, ni mkono unaofikiri unaandikia watu walio mbali barabarani.

Mambo ya sweta, mambo ya pasipoti, mambo ya kutobeba mzigo wa mtu usiyemjua, sitaandika. Hayo unayajua kuniliko, na wale akina mama wa kanisa watayarudia kesho mpaka mlango wa gari. Naandika kwa sababu ya jana.

Jana tulikuwa tunamenya viazi pale nje. Ulikuwa umeniachia kile kisu kizuri. Ukaniuliza bila kuinua uso, kama mtu anayeuliza kama chumvi imebaki:

"Mama, kabla niende. Ni mimi nilimuua?"

Nikajua unasema juu ya nani. Nikafungua huu mdomo wangu nikaanza: "Maitu, tarehe sita Februari si siku ya mchezo. Siku hiyo mfalme wa Uingereza..."

"Sawa," ukasema. Ukaweka kisu ndani ya beseni, ukaenda kulisha mbuzi ambao walikuwa wameshalishwa.

Tangu hapo sisikii kitu. Ningependa kukuambia nina uchungu, lakini ningekuwa nadanganya, na leo nimejikataza. Unajua vile vidole vinakuwa vikishinda kwenye petroli ya kuoshea brashi? Unaviona, vinasonga, lakini ukivichoma na msumari ni kama umechoma vidole vya jirani. Niko hivyo kutoka kichwani mpaka kwenye viatu. Na hiyo haikuanza jana. Kila mwaka Februari ikifika ninakuwa hivyo, na nikiwa hivyo mdomo ndio unafanya kazi peke yake. Watu wanasema debe tupu haliachi kuvuma. Hakuna ambaye ameuliza kilimwagika nini.

Acha nianze na jina, kwa sababu huko Ujerumani watakuuliza, na nasikia wanapenda kila kitu kinyooke. Kwetu ndugu ya mama anaitwa mama. Ndio Kikuyu chetu. Kwa Kiswahili mimi ni mjomba, lakini hakuna mtoto wa hapa Gakindu anaita mtu mjomba isipokuwa anataka kitu. Na wewe ulipewa jina la shosho, mama yangu mzazi, kwa hivyo kwa desturi wewe ni mama yangu, na ndiyo sababu nakuita maitu. Hebu mtu wa nje atusikie: mtoto anamwita mzee mama, mzee anamwita mtoto mama, na mama mwenyewe hayuko.

Unakumbuka siku mwalimu wa darasa la kwanza alisema kila mtoto alete mama yake? Nilinyoa ndevu, nikavaa lile koti la mazishi. Tukaingia.

"Wanjiru, nilisema mama," mwalimu akasema.

"Huyu ndiye mama."

"Mama, Wanjiru. Sio mzee."

"Ni mama. Muulize."

Darasa likapasuka. Wale akina mama wengine wakaficha uso kwa leso. Mimi nikatoa kofia, nikasema, "Mwalimu, ni mimi. Hata nikitaka kubisha siwezi." Tukakaa kwenye kile kiti kidogo, magoti yakanifika masikioni. Tulipokuwa tunarudi ukaniuliza kwa nini walicheka. Nikakuambia ni furaha, hawajawahi kuona mama mrefu hivi. Ukaridhika. Ulikuwa unaridhika haraka, na mimi nikazoea. Mtu anayeaminiwa upesi huacha kuchunga mkono wake, anapaka tu.

Sasa ile tarehe.

Unajua mimi hufanya kazi redio ikiwa imewashwa. Asubuhi kuna yule mtangazaji wa kusema siku kama ya leo nani alizaliwa, nani alikufa, vita gani viliisha. Mwaka wako wa kwanza, tarehe sita ilipofika, nilikuwa nimekufunga mgongoni kwa leso, naandika msalaba, shosho ameenda kuchuma kahawa. Nikasikia, ati siku kama ya leo mfalme wa Uingereza alikufa usingizini, na binti yake alikuwa hapa hapa kwetu Nyeri, juu ya mti, kwenye ile hoteli ya kutazama ndovu. Alipanda akiwa mtoto wa mfalme, akashuka akiwa malkia. Hadithi yenyewe kila mtu wa Nyeri anaijua, lakini tarehe sikuwa naijua. Halafu, ati siku kama ya leo alizaliwa yule mwimbaji wa rege wa Jamaika, yule ambaye vijana wa stendi wamemchora kwenye kila kibanda. Halafu ndege iliyobeba timu ya mpira ya Uingereza ilianguka kwenye theluji, vijana wadogo wakaisha.

Nikaweka brashi chini. Nikangoja amtaje na Nyambura, mama yako mzazi.

Nilijua hatamtaja. Mimi si mjinga. Lakini nilingoja mpaka matangazo ya mbolea yakaanza.

Mwaka mwingine nikawatumia ujumbe kwa simu: mkumbukeni dada yangu Nyambura wa Gakindu, tarehe sita. Wakausoma! Mtangazaji akasema kwa ile sauti ya asali, "Na sasa tumtakie Nyambura wa Gakindu heri ya siku ya kuzaliwa. Nyambura, ufurahie keki." Wakampigia wimbo. Shosho akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Ni Nyambura gani huyo?"

"Ni mwingine," nikasema.

Akasimama mlangoni mpaka wimbo ukaisha, kisha akarudi kwa moto wake. Hatukuongea juu ya hayo mambo tena mpaka akatuacha.

Ndipo nikaanza kukutengenezea siku. Niliona watoto wengine wako na keki na baluni, wewe uko na kaburi nyuma ya migomba, na kuzaliwa kwako na kufa kwake vinaangukia tarehe moja. Nikasema, basi nitampa historia. Nikakuambia babu yangu ndiye aliyeshika ngazi ya ule mti binti wa mfalme asianguke. Babu yangu hakuwahi kufika pale, alikuwa anaogopa ndovu na wazungu, kwa mpangilio huo. Nikakuambia kuzaliwa tarehe sita ni kuzaliwa katika kundi la wakubwa. Ulikuwa umeng'oka meno mawili ya mbele, umekaa juu ya mbao zangu, ulimi unatokea pale kwenye pengo. Nikasema: mfalme akafa, na wakati huo huo mtoto wake akawa malkia. Ndivyo tarehe sita ilivyo. Mmoja anashuka ndio mwingine apande.

Ukafikiri kidogo. Ukasema, "Kwa hivyo mama alikufa ili mimi nizaliwe?"

Nikapiga makofi. "Umeshika! Ili wewe uzaliwe. Kama mfalme tu."

Maitu, nilijiona nimefanya kazi kubwa. Jioni hiyo niliwaambia watu pale kwa kinyozi kwamba mtoto wangu anaelewa mambo ya Uingereza kuliko mbunge. Mwaka uliofuata shosho akakupikia mandazi ya sukari juu, ukayagawa yote, hata moja hukula. Ukasema tumbo linauma. Mwaka mwingine tumbo. Mwaka mwingine ukaingia kulala jua bado liko juu. Mimi nikafikiri ni minyoo. Nikakupa dawa ya minyoo. Kila Februari nilikupa dawa ya minyoo, na wewe ukainywa.

Kwa kazi yangu nimekosea mara moja tu, na mtu akikuambia ni zaidi, mwulize wake ataandikiwa na nani. Ni msalaba wa mzee mmoja hapa Gakindu, mchoma nyama. Familia waliniambia niandike LALA SALAMA. Unajua ulimi wetu na zile herufi mbili. Nikaandika vile nilivyosikia: RARA SARAMA. Kubwa, nyeupe, rangi ya mafuta. Tukafika kaburini, kijana wake aliyesoma akasimama kama ameshika waya wa stima.

"Fundi, ni nini hii umeandika?"

"Ni kile mlisema."

"Sisi tulisema hivi?"

"Hebu sema tena nisikie."

"Rara sara..." Akajisikia mwenyewe.

Watu wakaanza kucheka, unajua kicheko cha mazishi kinavyopita chini chini kama panya kwenye majani makavu. Mjane akaja. Akasoma polepole, akagusa R ya kwanza kwa kidole. "Wacheni hivyo," akasema. "Hata yeye angesoma hivyo." Na uko pale mpaka leo, na kila nikipita nauona, na siuonei haya. R na L hazijaua mtu.

Neno nililokosea kweli ni dogo kuliko hilo. Ni lile "ili". Sikuliandika kwa mbao, niliandika kwa mtoto, na kila mwaka nikapaka rangi nyingine juu yake ili ling'ae. Ingekuwa "na". Ulizaliwa na akafa. Ndivyo ingekuwa. Siku ya soko hapa Gakindu mmoja analeta ndizi, mwingine anapeleka ng'ombe wake wa mwisho, wanapishana kwenye lango moja, na hakuna aliyemwita mwenzake. Ninaandika tarehe za watu kila siku ya Mungu, mbili mbili, juu na chini, na sijawahi hata mara moja kuweka "ili" katikati. Hilo kwa wateja sikulikosea. Ni kwako tu.

Hata yule malkia nilimsema vibaya. Hakupanda mti ili baba yake afe. Alipanda kutazama ndovu. Baba alifia mbali, kwenye kitanda chake, na msichana hakujua. Alishuka asubuhi, akaenda Sagana, akanywa chai. Sijui kama alikunywa chai, lakini alikuwa Mwingereza. Ni huko ndipo alipoambiwa. Miaka yote hiyo narudia hadithi hiyo nikipigia taji makofi, sikukaa hata siku moja nikamfikiria msichana anayeshuka ngazi na hajui. Hakuna mtu wa Nyeri aliyemuuliza kama ni yeye alimuua. Hata sisi, na jinsi tunavyopenda kuuliza.

Na ile ya ndege. Juzi Kariuki, huyu jirani shabiki wa mpira, alinijia hapa mlangoni na uso mrefu. "Fundi, unajua ile ndege ya timu ilianguka Ujerumani? Unajua ni tarehe gani?" Nikamwambia atulie, ndege za siku hizi haziogopi theluji, nimezungumza na rubani mwenyewe. Sijazungumza na rubani. Sijui marubani wanapatikana wapi. Lakini tiketi ya kesho uliichagua wewe. Uliniambia ni kwa sababu siku hiyo ilikuwa na nafasi. Nikakubali, nikakaa kimya, na si kawaida yangu kukaa kimya. Nilijua unataka tarehe sita ikukute angani, mahali ambapo si kwa mtu, upite juu yake kama unavyoruka mtaro. Na ukishapita usirudi upande huu. Hiyo ndiyo naogopa, kama unataka kujua. Si theluji. Naogopa utafika huko, watu wakuulize umetoka wapi, na wewe ufikiri umetoka mahali ambapo ulimuua mtu.

Basi acha nikujibu bila mfalme.

Nyambura alishikwa na uchungu kabla hakujapambazuka. Tulienda hospitali kwa pikapu ya kubeba maziwa, yeye mbele na dereva, mimi nyuma na mitungi, ananipigia dirisha nipunguze maneno kwa sababu nilikuwa namsimulia utingo. Ulizaliwa jua likitoka. Hakuna kitu kilienda vibaya na wewe wala na njia uliyopitia. Nesi alisema umekuja kama mtu anayejua kwao. Ulinyonya. Hilo sikuwahi kukuambia, kwa sababu halikuwa na malkia ndani yake. Ulinyonya, na yeye akakugeuza akatazama masikio, akasema, "Masikio ni ya mama. Pole yake." Alisema juu ya shosho, unajua masikio ya shosho.

Damu ilianza baada ya hapo. Tumbo likishazaa linatakiwa kujikaza, ndivyo walivyonieleza, na la wengine linakataa, na hakuna mtoto anayelikataza. Walimpa damu iliyokuwepo. Ilikuwa kidogo. Wakasema kama kuna ndugu, apimwe. Ndugu nilikuwa mimi.

Sitaki ufikiri nabadilisha mzigo kutoka begani kwako kuja kwangu, nijifanye mkubwa hata hapo. Ilionekana baadaye kwamba damu yangu na yake hazikulingana. Hata wangeichukua yote isingemfaa. Walipata nyingine, walimpeleka kwenye chumba cha upasuaji, walihangaika naye, niliwaona wakitoka, mmoja alikuwa na kiatu kimoja. Mchana alikuwa ameenda. Si wewe. Si mimi. Nilijua hivyo siku hiyo hiyo, maitu. Kujua ni kitu kimoja. Kile kingine mpaka leo sijakisikia, nangoja.

Lakini kuna kipande cha asubuhi ile ambacho sijakupa. Shosho pia sikumpa, alikufa bila. Na sikukificha kwa sababu kinauma. Kati ya vyote nilivyo navyo ndicho pekee kisichouma.

Nesi alikuja na sindano. Nikakunja shati. Nikasema kwa sauti, kwa sababu kitanda cha Nyambura kilikuwa pale kando na nilitaka asikie, "Chukueni hata ndoo. Mimi ni mtu wa mlima, niko na damu ya watu wawili." Nikaiona ile sindano. Kitu cha pili kuona kilikuwa dari.

Wakaninyanyua kutoka sakafuni, wakanilaza kwenye kitanda kilichokuwa wazi. Yule nesi alikuwa na kazi nyingi kuliko mikono. Akakuchukua kwa Nyambura, umefungwa ndani ya leso ya manjano, akakuweka juu ya tumbo langu.

"Kwa vile umeshalala," akasema, "shika huyu."

Na Nyambura alikuwa anacheka. Hakuwa na nguvu za kucheka, alikuwa mweupe midomo, lakini alicheka hivyo hivyo, kitanda chake kikawa kinalia kwa zile chuma. "Nesi," akasema, "huyu ndiye alituambia alipigana na chui kule Aberdare. Na mikono." Akacheka tena. Nesi akamwambia, "Tulia, tafadhali, utaumia." Hakutulia. Akageuza kichwa upande wako, akakuambia kama vile wewe ndiye mtu mzima pale ndani, "Wanjiru, mshike mama asianguke tena."

Halafu wakaja wakasukuma kitanda chake. Alipita mlangoni uso bado umekunjuka na kile kicheko, kama mtu anayetoka sherehe mapema. Sikumwona tena akiwa na macho wazi.

Huyo ndiye mama yako tarehe sita. Si mfalme. Hakuwa anampa mtu taji. Alikuwa ametoka kukutazama masikio, na alikuwa anamcheka ndugu yake. Hicho ndicho kitu kizima nilicho nacho kutoka kwake, na nimekunyima tangu ulipokuwa huna meno, nikakupa cha wazungu badala yake, kwa sababu katika hiki mimi ndiye mjinga.

Nimesikia lango. Ni mbuzi tu. Acha nimalize kabla hujafika, maana ukinitazama sitaandika.

Wanaume wanazimia, maitu. Yule nesi alisema huona mmoja kila juma, wakubwa kuniliko. Nyambura hangecheka hivyo kwa ajili ya mtu kuzimia. Nilikuwa nimevaa suruali ya kijivu, na kijivu hakifichi maji. Nilijikojolea. Nesi alipoinama kukurekebisha akaona nimelowa, akasema, "Ona sasa, mtoto amekukojolea." Leso yako ilikuwa kavu. Mama yako alikuwa anaiona kutoka pale alipolala, alijua ni nani, na hiyo ndiyo ilimchekesha. Mimi nikasema, "Watoto ndivyo walivyo."

Mama